Mabuu kwenye Banda la Sungura: Ni wa Mdudu Gani, na Wametoka Wapi

Masika ikishaingia Tanga, kati ya Machi na Mei, kilicholowa uani hakikauki. Hapo ndipo wafugaji wa sungura na simbilisi wa Makorora, Mikanjuni au Pongwe huanza kuona vitu vikitambaa kuzunguka banda: vyeupe, vya kahawia, vyenye manyoya, visivyo na miguu. Jirani mmoja atakwambia ni funza, wa pili atasema ni minyoo iliyotoka tumboni mwa mnyama, wa tatu atakuletea kopo la dawa ya mbu.

Liweke kopo hilo pembeni. Sungura hujilamba mwili mzima kila siku, na dawa iliyotua kwenye manyoya au kwenye majani yake ataimeza. Isitoshe, kila mdudu hutaga pale ambapo watoto wake watakuta chakula. Ukimjua buu ni wa nani, umejua pia kitu gani kimeharibika bandani. Ukiwaua bila kujua, wiki ijayo utawakuta wenzao palepale.

Kwanza mshike mnyama

Kabla ya kuinama kutazama sakafu, mtoe sungura na umgeuze. Fumua manyoya chini ya mkia, katikati ya mapaja, tumboni na kwenye mikunjo ya ngozi ya kidevu. Kama kuna buu hata mmoja juu ya ngozi, acha kusoma hapa na ushuke moja kwa moja kwenye sehemu ya mabuu wa mwilini. Hiyo ni dharura ya leo. Mengine yote humu yanaweza kungoja hadi kesho.

Kama mwili ni safi, tafuta karatasi nyeupe, kibanio, kichupa chenye mfuniko na simu yenye kamera nzuri. Mweke buu kwenye karatasi mahali penye mwanga, weka rula kando yake, mpige picha, halafu uikuze. Tazama miguu kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ndiyo inayoamua mengi. Buu wa nzi hana miguu. Mabuu wa mbawakawa wanaoingia mabandani huwa na miguu sita mifupi karibu na kichwa, isipokuwa fukusi na ndugu zake. Mtoto wa nondo, yaani kiwavi, ana ile sita ya mbele na pia vijiguu vya nyama katikati ya mwili na mkiani. Kisha tazama kichwa: kipo na kina rangi ya kahawia, au mwili umechongoka tu bila kichwa kinachoonekana? Ana manyoya? Anatambaa kwa kujivuta, au anajirusha?

Na andika ulipomkuta. Kwangu mimi swali hilo lina uzito sawa na yote yaliyotangulia, kwa maana buu aliyekutwa kwenye pumba na buu aliyekutwa kwenye kinyesi ni nadra kuwa ndugu.

Weupe, bila miguu, kwenye kinyesi na maranda yaliyolowa

Hawa ndio wanaoonekana mara nyingi zaidi, na karibu kila mara ni watoto wa nzi wa nyumbani. Mwili ni mweupe au wa rangi ya maziwa, mbele umechongoka, nyuma umekatwa butu, na kule nyuma kuna madoa mawili meusi. Si macho. Ni matundu ya kupumulia. Buu aliyekomaa hufikia kama milimita 12. Ukiwa na lensi nzuri ya simu, utaona kwamba kwa nzi wa nyumbani ndani ya kila doa kuna vistari vilivyopindapinda, ilhali kwa nzi wa kijani au wa bluu vistari hivyo vimenyooka. Tofauti hiyo si ya kupuuza, kwa sababu nzi wa kijani ndiye anayependa nyama na vidonda.

Sababu yao ni unyevu. Kinyesi kikavu cha sungura, zile gololi ngumu, hakimvutii sana nzi. Shida huanza pale mkojo unapokutana na maranda, majani yaliyobaki na kinyesi laini. Sungura huchagua kona moja ya kukojolea, kwa hiyo banda linaweza kuonekana kavu huku kona moja ikiwa imeoza hadi chini. Chukua maranda ya kona hiyo, vaa mfuko mkononi, yafinye. Yakiacha maji kiganjani, umepata chanzo. Kagua pia chupa ya maji: tone moja linalodondoka mchana kutwa linatosha kuwalea mamia.

Kwenye joto la pwani, yai la nzi huanguliwa ndani ya siku moja, buu hula kwa siku nne hadi saba, na safari nzima kutoka yai hadi nzi anayeruka huweza kukamilika ndani ya siku saba hadi kumi. Ndiyo maana usafi wa mara moja kwa wiki hautoshi Tanga. Ukitoa maranda yaliyolowa kila baada ya siku mbili au tatu, mabuu hawafiki umri wa kugeuka pupa, hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa nzi, na mzunguko unakatika wenyewe bila tone la dawa.

Kuna jambo ambalo wengi hulikosa. Buu akishashiba huondoka penye unyevu na kutafuta pakavu. Kwa hiyo pupa, vile vidonge vya rangi ya kahawia iliyoiva visivyosogea, hawako kwenye kinyesi. Wako chini ya tofali linaloshikilia mguu wa banda, kwenye udongo mkavu ukutani, ndani ya mkunjo wa kiroba. Ukifagia kinyesi na kuacha hao, nzi watatoka kama kawaida na utadhani usafi haukusaidia. Inua matofali, kwangua udongo wa juu, anika kwenye jua kali au wape kuku. Uchafu uliotolewa ufungwe kwenye kiroba au upelekwe shamba mbali na banda. Kuurundika hatua chache tu kutoka hapo ni kuwahamisha mabuu chumba.

Usiwachanganye na mabuu wa nzi askari mweusi, yule ambaye wafugaji wengi wa kuku wanamjua kwa herufi BSF. Huyu naye hana miguu, lakini ni bapa, ana ngozi ngumu iliyogawanyika pingili zinazoonekana wazi, kichwa kidogo chembamba, na hufikia milimita 20 na zaidi. Akiwa mchanga ni mweupe, akikomaa anakuwa wa kahawia hadi karibu mweusi. Anawatisha watu kwa ukubwa wake tu. Haumi, hamwingii sungura mwenye afya, na penye wengi wake nzi wa nyumbani hupungua. Ukiwa na kuku, umepata chakula chenye protini nyingi. Ila uwepo wake bado unakwambia kwamba chini ya banda kuna rundo lililokaa muda mrefu na limelowa.

Ukikinga mkojo wa sungura kwa ndoo ili upate mbolea, unaweza kukuta ndani yake buu mwenye mkia mrefu mwembamba. Mkia huo ni bomba la kupumulia linalofika juu ya maji. Ni mtoto wa aina ya nzi anayefanana na nyuki, naye hana neno na sungura wako. Funika ndoo.

Mabuu wakiwa mwilini

Sungura aliyeharisha, mnene asiyefika mkiani kujisafisha, mwenye kidonda, au aliyelalia mkojo, hunuka kwa namna inayowaita nzi wa kijani na wa bluu. Nzi hutaga mayai kwenye manyoya machafu, vishada vyeupe au vya manjano hafifu vilivyoshikana. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja, na kwenye joto letu mapema zaidi. Mabuu huanza na uchafu, kisha hula ngozi, kisha huingia ndani. Mnyama aliyekuwa akila asubuhi anaweza kuwa amelala chini kesho yake.

Dalili za nje ni hizi: anajikunyata, hali, analowa nyuma, ananuka vibaya, au anashtuka na kujigeukia mkia bila utulivu. Simbilisi naye hupatwa vilevile.

Mpigie simu daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata mara moja. Ukimngojea, mweke mnyama ndani ambako nzi hafiki, kata manyoya kuzunguka sehemu hiyo kwa uangalifu kwa kuwa ngozi ya sungura huchanika upesi, toa mabuu mmoja mmoja kwa kibanio, safisha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha mkaushe kabisa. Usimzamishe kwenye beseni. Sungura hushtuka vibaya na manyoya yaliyolowa huita nzi wengine. Usimwage mafuta ya taa. Usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe. Na matone ya viroboto ya paka na mbwa yenye fipronili yanaweza kumuua sungura, hata kama muuza duka amekwambia wanyama wote ni sawa. Hata ukidhani umewatoa wote, daktari bado anahitajika: maumivu, mshtuko na mabuu waliojificha ndani ya nyama havionekani kwa macho.

Kama mabuu wamezama kwenye kidonda kibichi, vichwa ndani na mikia nje, na miili yao imezungukwa na mistari ya miiba midogo, mwambie daktari hivyo hivyo. Kuna aina ya nzi Afrika ambaye mabuu wake hula nyama hai pekee. Jina lake la kisayansi ni Chrysomya bezziana, na humwingia mnyama yeyote mwenye damu moto, pamoja na binadamu.

Uvimbe kama jipu, wenye kitundu katikati

Hapa mtu hudhani sungura ana jipu la kawaida. Ukitazama kwa subira utaona kitundu, na ndani ya kitundu kitu kinachosogea. Huyu ni mtoto wa Cordylobia anthropophaga, nzi wa rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia, anayependa kivuli na hutokea zaidi asubuhi mapema na alasiri. Hatagi kwenye ngozi. Hutaga kwenye mchanga wenye mkojo au kinyesi, au kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mayai huanguliwa baada ya siku moja hadi tatu, na kabuu kadogo hukaa juu ya mchanga siku kadhaa kakisubiri joto la mwili. Kakigusa ngozi kanapenya, mara nyingi bila mnyama kuhisi. Ndani hukaa kama siku nane hadi kumi na mbili, kisha hutoka na kuanguka chini ili ageuke pupa mchangani.

Ndiyo maana unaweza kumkuta sakafuni buu mnono wa milimita 13 hadi 15, rangi ya maziwa, mwenye safu za miiba midogo myeusi, na usijue katoka wapi. Katoka mwilini. Mkague kila mnyama wa nyumba hiyo, mbwa akiwemo, na kagua watoto wanaocheza hapo.

Tanga nyua nyingi ni za mchanga, na sungura anayefugwa chini moja kwa moja ndiye anayeumia zaidi. Dawa ya kudumu ni kuinua banda juu ya miguu, kuondoa mchanga uliokojolewa na kuweka mwingine mkavu, na kupambana na panya, kwa sababu panya ndio wanaomtunza mdudu huyu. Kama banda lina matandiko ya vitambaa, yafue, yaanike juani na yapige pasi pande zote mbili. Joto la pasi huua mayai. Fanya hivyo pia kwa nguo za watoto zilizoanikwa karibu na banda.

Usimkamue buu aliye ndani ya uvimbe wa sungura. Akipasukia ndani, sehemu hiyo huvimba na kutunga usaha. Kwa binadamu, watu huziba kitundu kwa mafuta ya mgando ili buu akose hewa na asogee juu, kisha humtoa kwa kibanio. Kwa sungura mwenye ngozi laini, kazi hiyo ni ya daktari.

Mabuu kwenye pumba na chakula

Utando kwenye pumba ni alama ya kiwavi wa nondo wa ghalani: mweupe au wa waridi hafifu, kichwa cha kahawia, miguu ya mbele na vijiguu vya nyama. Akikomaa huacha chakula na kupanda ukutani au kwenye dari ya banda, ndiyo sababu watu humkuta mbali na ndoo na hawahusishi na chakula. Asiye na utando, mwembamba, wa manjano, wa milimita kama sita, mwenye ncha mbili ndogo mkiani, ni mtoto wa mbawakawa mwekundu wa unga. Mkubwa kidogo, mgumu, hadi milimita 11, pamoja na mbawakawa weusi wanaong'aa, huenda umemleta na maranda yaliyotoka kwenye banda la kuku. Buu mweupe asiye na miguu aliye ndani ya punje yenyewe ya mahindi ni mtoto wa fukusi.

Hakuna kati ya hawa anayemdhuru sungura kwa kumgusa. Tatizo ni chakula chenyewe: pumba zilizopata wadudu mara nyingi zimepata unyevu, na penye unyevu kuna ukungu. Zikinuka uvundo au zikishikamana mabonge, usichekeche ili uokoe nusu. Zitupe. Nunua pumba za wiki mbili, usinunue gunia la miezi miwili eti kwa sababu bei imeshuka, na zihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Ndoo ioshwe na ikaushwe juani kabla ya kujazwa upya, maana mayai hubaki kwenye mikunjo ya mfuniko.

Wenye manyoya

Buu wa kahawia au mweusi, mwenye manyoya mwili mzima na miguu sita, anayekimbia ukimfunua, ni mtoto wa mbawakawa wa ngozi. Yeye hula vitu vikavu vya wanyama: manyoya, ngozi, mizoga, samaki wakavu. Kwa hiyo usimtafutie sababu kwenye mkojo. Tafuta panya aliyekufa nyuma ya banda, dagaa au ng'onda waliohifadhiwa jirani, au manyoya ya sungura yaliyojikusanya pembeni. Akitaka kugeuka pupa hutoboa mbao laini, na matundu hayo kwenye banda husingiziwa mchwa. Usimshike kwa mkono mtupu, manyoya yake huwasha.

Nyuzi nyeupe zinazojirusha

Urefu milimita mbili hadi tano, hana miguu, kichwa cha kahawia, vinyweleo vichache, na akiangaziwa tochi hujipinda na kukimbilia gizani. Huyu ni mtoto wa kiroboto. Mara nyingi aliyewaleta ni paka anayelala chini ya banda. Hakikisha hivi: okota chenga nyeusi zilizo karibu naye, ziweke kwenye tishu nyeupe iliyolowa. Zikitoa rangi nyekundu ya kutu, ni kinyesi cha viroboto, yaani damu iliyokauka. Tibu paka kwa dawa yake, fagia nyufa za sakafu, choma takataka, na lianike banda juani likiwa tupu. Sungura mwenyewe atibiwe kwa dawa aliyoichagua daktari.

Wanene, weupe, wamejikunja

Ukifukua rundo la mbolea ya sungura lililokaa miezi ukakuta buu mkubwa aliyejikunja umbo la herufi C, kichwa cha kahawia, miguu sita, fikiria chonga, yule mbawakawa wa minazi. Mabuu wa chonga hukulia kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye marundo ya samadi. Sungura hayuko hatarini. Mnazi wako ndio ulio hatarini, kwa sababu chonga mzima hutoboa kilele chake. Ondoa mabuu wote, na samadi uisambaze shambani badala ya kuirundika kando ya minazi.

Minyoo na viluwiluwi

Nyuzi nyeupe laini ndani ya gololi mbichi za kinyesi, zisizo na pingili, kichwa wala manyoya, ni minyoo ya utumbo wa sungura. Peleka kinyesi hicho kikapimwe. Na vinavyochezacheza kwenye bakuli la maji ni viluwiluwi vya mbu. Mwaga, sugua kuta za bakuli kwa sababu mayai ya mbu wa dengue hugandia hapo, na badilisha maji kila siku. Mlipuko wa dengue wa 2019 uliigusa Tanga pamoja na Dar es Salaam, na mbu wake hutosheka na maji ya bakuli.

Ukishindwa kumtambua

Mlee. Weka mabuu watano hivi kwenye chupa pamoja na kile ulichowakuta nacho, weka maranda makavu kidogo juu, funika kwa kitambaa chepesi na mpira, weka kivulini. Wa nzi watatoka ndani ya wiki mbili au chini ya hapo, na mdudu mzima ni rahisi kumtambua kuliko mtoto wake. Wa mbawakawa na nondo wanahitaji subira zaidi.

Ukitaka kumpeleka kwa mtaalamu, kwa afisa mifugo wa kata au kwenye chuo cha mifugo cha Buhuri, usimpeleke akiwa amekufa kwenye karatasi. Ataoza na kuwa mweusi. Mtumbukize sekunde chache kwenye maji yaliyotoka kuchemka, kisha mhifadhi kwenye spiriti. Bandika karatasi kwenye kichupa, andika kwa penseli kwa sababu wino huyeyuka: tarehe, mtaa, mahali hasa alipokutwa, mnyama unayemfuga, anakula nini, na kama ana kidonda au anaharisha.